Hanesi nne zimeletwa saiti ya G+2: zinaswe wapi, na jukwaa la mirunda linafaa?

Msimamizi_G2 ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia jengo la G+2 (chini na ghorofa mbili juu yake) hapa Dar, kiwanja cha mteremko. Slabu (sakafu ya zege) ya kwanza iko mita 3.2 kutoka ardhini upande wa barabara, upande wa nyuma ardhi imeshuka, ni kama mita 5. Slabu ya pili imeshamwagwa na nondo za nguzo zimechomoza, ila nguzo za juu bado. Kwa sasa tunapandisha kuta za nje kwa tofali za nchi 6 tukiwa kwenye jukwaa la mirunda (miti ya kujengea) na mbao za nchi 2x8.

Mkandarasi ameleta hanesi nne (mikanda ya mwilini ya kumdaka anayeanguka) zenye kamba ya mita 1.8 na kile kifuko cha kupunguza mshtuko, kwake yeye suala la kuanguka limekwisha. Mafundi wanazivaa lakini kila mtu na lake. Mmoja ananasa (anafunga kulabu yake) kwenye nondo, mwingine kwenye mrunda wa jukwaa hilohilo analosimamia, wengine wanatembea na kulabu imening'inia mgongoni.

Naomba msaada kwa haya: (1) hanesi zinaswe wapi? (2) jukwaa la mirunda lina viwango gani vya kufuata, maana fremu za chuma za kukodi mwenye nyumba hataki kusikia? (3) tundu la ngazi na matundu ya bomba kwenye slabu tuyafanyeje? Baada ya hapo tunaingia kwenye kenchi (fremu za mbao za paa) na bati, kwa hiyo mwenye neno la paa pia aseme.

---

NondoNaZege amejibu:

Mkuu, chukua kalamu kwanza, maana hesabu ya hanesi ndiyo itakayomwonyesha mkandarasi kwamba hela yake imekaa vibaya.

Mtu akianguka akiwa amenasa, umbali unaohitajika chini ya pale aliponasa ni jumla ya vitu vinne. Kamba yenyewe mita 1.8. Kifuko kinapochanika kinarefuka, weka mita 1.2 (soma lebo, vingine vinafika mita 1.75). Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5. Halafu akiba ya mita 1, kwa sababu mikanda hunyooka na mwili haushuki wima kama timazi. Jumla mita 5.5.

Sasa lete kwenye slabu yako ya kwanza, upande wa barabara. Fundi akinasa usawa wa mgongo wake, yaani mita 1.5 juu ya slabu, ana 3.2 + 1.5 = mita 4.7 hadi ardhini. Ukiondoa ile akiba, anahitaji 4.5. Kwa hiyo kwenye karatasi nyayo zinasimama sentimita 20 juu ya ardhi, na ardhi ya saiti ina marundo ya kokoto, vipande vya tofali na mbao zenye misumari. Hapo amefika chini. Akinasa miguuni, kwenye nondo iliyochomoza kwa mfano, ana mita 3.2 tu na anahitaji 4.5: anapiga chini kabla kifuko hakijaanza kazi. Isitoshe, kunasa miguuni kunamfanya aanguke huru mita 3.3 badala ya 1.8, na kanuni za Marekani haziruhusu mwanguko huru uzidi mita 1.8.

Upande wa nyuma wenye mita 5, akinasa usawa wa mgongo, inatosha: 5 + 1.5 = 6.5. Akinasa miguuni haitoshi hata huko.

Kuhusu mahali pa kunasa. Nondo ya kusimama ya mm 12 au 16 inapinda, na kulabu inateleza juu na kuchomoka, maana hakuna kinachoizuia kule juu. Mrunda wa jukwaa ndio mbaya zaidi: jukwaa likianguka linaondoka naye. Kanuni za Marekani zinataka sehemu ya kunasa ibebe kN 22 kwa kila mtu, karibu tani mbili na robo. Kiwango cha Ulaya kinaanzia kN 12. Hakuna mrunda uliopigiliwa msumari wa nchi 4 unaokaribia hapo. Kinachokaribia ni nguzo ya zege iliyokwishakomaa au bimu, na usizungushe kamba ya hanesi yenyewe ukairudishia kulabu juu yake, maana kulabu za kawaida mlango wake unabanwa kwa ubavu na kufunguka. Nunua mikanda mipana ya kuzungushia, ile yenye pete mbili, zungusha kwenye nguzo juu ya usawa wa kichwa, weka gunia au kipande cha bomba la mpira kwenye kona ya zege isije ikakata.

Kwenye slabu ya kwanza mna nguzo, kwa hiyo inawezekana, na huko ushauri wangu ni kuitumia hanesi kwa kumzuia mtu asifike ukingoni, si kumdaka akishaanguka. Nguzo ya ndani iliyo mita 4 kutoka ukingoni, kamba iliyopimwa ili akinyoosha kamba yote bado abakize nusu mita kabla ya ukingo. Hapo hesabu yote ya mita 5.5 inakufa kwa sababu haanguki. Angalia kona tu: kamba iliyopimwa kwa ukingo wa mbele inaweza kumruhusu kufika ukingo wa pembeni. Tembea nayo mwenyewe kabla hujampa fundi.

Kwenye slabu ya pili huna nguzo, una nondo tu. Kule hanesi ziweke chini kabisa, jenga reli.

---

Fremu_na_Mirunda amejibu:

Naongezea la jukwaa. Mirunda si dhambi, nyumba nyingi zimejengwa nayo. Inaua kwa sababu nne au tano zilezile, na ya kwanza ni mzigo.

Tofali la nchi 6 lisilo na tundu ni kama kilo 30. Ndoo ya lita 20 ya udongo wa saruji ni kilo 40. Mafundi wawili, kilo 150. Jukwaa la kazi ya kawaida kwa viwango vya Uingereza hupewa kilo 200 kwa mita ya mraba. Chukua chumba kimoja cha jukwaa (nafasi kati ya miti ya kusimama), mita 2 kwa mita 1, unapata kilo 400. Toa mafundi, toa ndoo moja, unabaki na kilo 210, yaani tofali 7. Saba! Sasa nenda kaangalie kibarua wako ameweka ngapi pale, utakuta 20 zimepangwa mstari ili asipande tena hadi saa sita. Hapo uko kilo 800 na jukwaa la kupigilia misumari halina cheti cha mtu yeyote. Ukitaka tofali nyingi, zipangwe ndani juu ya slabu na fundi apokee kutoka ndani. Slabu iko pale, itumieni.

La pili ni msumari. Mti wa kulala ukipigiliwa ubavuni mwa mti wa kusimama kwa misumari miwili, mzigo wote unaning'inia kwenye misumari hiyo. Mrunda ukiwa mbichi unakauka, unasinyaa, msumari unalegea ndani ya wiki chache bila mtu kugusa. Dawa ni kibao: kata kipande cha 2x4 cha sentimita 30, kipigilie kwenye mti wa kusimama kwa misumari mitano au sita ya nchi 4, chini ya mti wa kulala, ili mti ukalie kibao. Kisha funga kiungo kwa bainding waya maradufu, mizunguko minne au mitano, uikaze kwa kipande cha nondo. Kamba ya katani ikilowa na kukauka inabadilika, msiitegemee kwa jukwaa la kukaa miezi.

La tatu, miguu. Mteremko wako huo, mti ukiusimamisha juu ya tofali au jiwe, umeweka jukwaa kwenye bahati. Chimba nusu mita, au weka chini ya kila miti miwili ubao mnene ulalie ardhi iliyosawazishwa kwa ngazi. Udongo wa kujaziwa ukinyeshewa unashuka, na mguu mmoja ukishuka sentimita 3 mzigo wake unahamia kwa jirani. Sehemu iliyozikwa chokonoa kwa bisibisi kila wiki mbili: mchwa wanakula ndani, nje mrunda unaonekana mzima.

La nne, kushikamana na jengo. Jukwaa lililosimama peke yake halitakiwi kuzidi urefu mara tatu ya upana wa kitako chake. Lako lina upana wa mita 1, kwa hiyo baada ya mita 3 ni lazima lifungwe kwenye jengo, na kuendelea juu kila mita 4 na kila mti wa pili wa kusimama. Fungeni kwenye nguzo au mpitishe mti dirishani na kuubana kwa mti mwingine ndani. Wengi hutoboa kozi ya tofali na kuingiza mti wa kukatisha. Kwenye ukuta wa juzi udongo haujashika, mti unachomoka na tofali mkononi. Na mshazari muuweke. Jukwaa lisilo na miti ya mshazari linaegama taratibu, halitoi onyo la kelele.

Mbao: 2x8 zetu za paina zina vifundo na hakuna aliyezipanga daraja, kwa hiyo egemeo kwa egemeo isizidi mita 1.5. Ncha ipite egemeo sentimita 5 hadi 15. Ikipungua inachomoka, ikizidi mtu akiikanyaga ubao unainuka upande wa pili. Upana wa kutembelea mbao tatu angalau, zimebanana. Ubao mmoja ni wa kuku.

Kwenye ukingo wa nje reli ya juu iwe mita 1 hadi 1.1, ya katikati nusu yake, na ubao wa kusimama chini wa sentimita 15 ili tofali lisiteleze likampiga aliye chini. Na ngazi ya kupandia, si kukwea mishazari: kwa kila mita 4 za kwenda juu mguu utoke mita 1, juu ipite sakafu kwa mita 1, ifungwe.

---

MjengoPwani amejibu (Mombasa):

Nimekubali mengi, la mirunda sikubali kwa ghorofa ya pili. Zaidi ya mita 6 tafuteni fremu za chuma. Mwenye nyumba anaogopa kodi ya mwezi, lakini hakuhesabu mirunda iliyokatwakatwa, misumari, na siku mbili za mafundi kubomoa na kujenga upya kila upande. Kodisheni za upande mmoja, mzihamishe. Tahadhari moja ya fremu: zinakuja bila pini, bila mishazari, bila vibao vya chini, halafu fundi anaunga kwa waya. Hesabu vipande kwenye lori kabla hujatia sahihi. Fremu iliyopinda mguu irudishe.

Jambo jingine ambalo halijaguswa, hizo nondo zilizochomoza. Mtu akijikwaa kwenye slabu akaangukia nondo, hahitaji mita 3. Pindeni ncha kama mchoro wa injinia unaruhusu, ama funikeni juu ya safu yote kwa ubao wa 2x4 wenye mfereji. Vifuniko vidogo vya plastiki vinazuia mchubuko tu, havizuii mtu kuchomwa.

---

Usalama_Saiti amejibu:

Matundu ya slabu. Hapa ndipo watu wanaanguka bila kupanda popote, tena ni kibarua aliyebeba karai kichwani, haoni miguu yake.

Tundu dogo la bomba, mpaka kama mita 1 kwa 1: funika kwa marine board (plaiwudi) ya mm 18, ipite ukingo wa tundu sentimita 20 kila upande, chini yake pigilia vipande viwili vya 2x3 vinavyoingia ndani ya tundu ili kifuniko kisiteleze. Kisha kibaneni kwenye zege kwa misumari ya zege au bolti. Andikeni kwa rangi nyekundu SHIMO, USIINUE. Maandishi hayo si mapambo. Ajali ya kawaida ya kifuniko ni mtu kuona ubao mzuri umelala, anauinua mbele yake kwa mikono miwili ili akatumie kwenye fomu (mbao za kumwagia zege), anapiga hatua moja mbele na kuingia kwenye tundu alilolifunua mwenyewe. Ndiyo maana ubao usiobanwa ni afadhali usiwepo kabisa. Tundu lililo wazi angalau linaonekana.

Tundu la ngazi ni kubwa kwa kufunika, lizungushie reli pande zote, na upande wa kupandia weka mlango au mti unaotolewa. Ngazi ya zege ikishamwagwa, iwekeeni reli ya muda siku mnapofumua fomu. Watu wanasubiri reli ya mapambo ya mwisho, miezi sita ngazi iko wazi.

Kuokoa. Mkiruhusu hanesi, mseme tangu asubuhi aliyening'inia atashushwaje. Mtu aliyening'inia bila kusogea damu inakwama miguuni, anaweza kuzirai ndani ya dakika chache, na gari la zimamoto la Dar mnajua foleni. Ngazi ndefu iwe saiti, haijakopeshwa jirani, na watu wawili wanaojua nani anapanda nani anashika. Akiwa na fahamu achezeshe miguu, akanyage kitanzi cha kamba. Akishuka mlaze kama majeruhi mwingine, hospitali aende hata akisema yuko sawa. Hanesi iliyowahi kudaka mtu ikateni kwa kisu, msiirudishe stoo. Vivyo hivyo yenye mshono uliochanika, iliyomwagikiwa saruji mbichi ikakauka kwenye mikanda, au kifuko kilichofunguka kidogo. Na ile mikanda ya kiunoni tu, msiitumie kabisa kwa kazi ya kudaka. Inavunja mgongo na kuumiza tumbo.

Kisheria kwa Tanzania: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, msimamizi wake ni OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), saiti inasajiliwa huko. Vifaa vya kujikinga vinatolewa na mwajiri, si kukatwa kwenye posho ya kibarua. Fidia iko WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), anayechangia ni mwajiri. Waandikeni vibarua kwenye daftari kila asubuhi kwa jina na kazi, kwa sababu siku ya ajali swali la kwanza litakuwa kama huyo mtu alikuwa wenu.

---

KenchiNaPapi amejibu:

La paa nifupishe. Bati la geji 28 au 30 halibebi mtu katikati ya papi mbili (mbao za kulala zinazopigiliwa bati). Kanyaga juu ya mstari wa misumari, hapo chini kuna papi. Bati za mwanga, zile za plastiki, na zile za zamani za simenti, hazikanyagwi popote, hata kwenye msumari. Ziwekwe mwisho au zifunikwe kwa ubao unaolalia papi tatu au zaidi.

Wanaoanguka kwenye kenchi wengi wanaanguka kwa ndani, si kwa nje. Kwa hiyo kabla ya kupiga papi tandazeni mbao juu ya miti ya chini ya kenchi, chini ya pale mnapofanyia kazi, mkisogea mnazihamisha. Mtu akiponyoka anashuka mita moja badala ya kufika slabu. Bati likipandishwa lipigwe misumari ya kutosha kabla mtu hajalikanyaga. Bati lililowekwa tu linateleza naye kama sahani. Asubuhi kuna umande, subirini likauke. Upepo ukianza kuliinua bati mkononi, shukeni, fundi mmoja mwenye bati la mita 3 ni tanga.

Hanesi kwenye paa nasa kwenye kenchi iliyokwishafungwa na wenzake kwa mishazari, si kwenye papi. Na kamba isipite juu ya ukingo wa bati, inakatwa.

---

Msimamizi_G2:

Nawashukuru wakuu. Hesabu ya 4.7 kwa 4.5 nimempelekea mkandarasi kama ilivyo. Swali lililobaki: slabu ya pili imeshamwagwa na hatukuacha matundu ya kusimamishia reli. Kutoboa zege injinia hajakubali. Reli ishikwe na nini?

---

NondoNaZege:

Kwa iliyokwishamwagwa, tumia jukwaa la nje. Miti ya kusimama ya nje na ya ndani ipandishwe ipite slabu kwa mita 1.2, na reli zipigiliwe kwa upande wa ndani wa miti, ili mtu akiegemea anaibana reli kwenye mti badala ya kuing'oa msumari. Hii inakubalika tu kama jukwaa limefungwa kwenye jengo kama alivyoeleza Fremu_na_Mirunda, na angalau kifungo kimoja kiwe si zaidi ya nusu mita chini ya slabu. Pengo kati ya jukwaa na ukingo wa slabu lisizidi sentimita 30, zaidi ya hapo weka ubao.

Upande usio na jukwaa, tengeneza kibano: vipande viwili vya 2x4, kimoja juu ya slabu kimoja chini, vimeshikwa na bolti mbili za mm 16 zinazopita nje ya ukingo, mti wa reli umefungwa hapo na mshazari unaorudi ndani mita 1. Kila mita 2 kibano kimoja. Kikishakazwa, msukume reli kwenda nje kwa nguvu ya watu wawili, wenyewe mkiwa ndani mmejifunga. Marekani wanataka ihimili kama kilo 90 bila kulala.

Slabu ijayo, kabla ya kumwaga, simamisha kwenye bimu ya pembeni vipande vya bomba la plastiki la mm 63, urefu sentimita 30, kila mita 2, sentimita 15 kutoka ukingoni, mdomo umezibwa kwa karatasi ya saruji. Vikae kati ya ringi (vyuma vinavyozunguka nondo kuu), visiguse nondo kuu, na injinia aone kabla. Bomba la chuma la nchi moja na nusu linaingia humo na kabari ya mbao. Mkimaliza kuta mnalichomoa, tundu mnaliziba kwa udongo wa saruji.

---

Fremu_na_Mirunda:

Hizo bolti za kibano zikazwe upya siku ya pili na baada ya kila mvua, mbao inasinyaa. Na asubuhi, kabla mtu hajapanda, mtu mmoja mwenye jina apite jukwaa zima: viungo, miguu, mbao zilizoazimwa usiku. Mlinzi wenu anapika kwa kuni gani, hilo nalo liangalie.